Mshona Kofia na Seremala wa Majeneza

Kituo kikuu cha mabasi kilikuwa kimefurika asubuhi ile, mtu ukiangusha leso huwezi kuinama kuiokota. Huku wanalia wanaoagana, kule wanacheka wanaopokeana, na katikati ya zogo lote alisimama dada mmoja mrefu, gauni lake la rangi ya maziwa limejikunja kwa uchovu wa safari, kichwani amevaa kofia nne. Nne, moja juu ya nyingine. Ya chini ilikuwa ya sufu nyeusi, ya pili ya ukili, ya tatu ya buluu yenye wavu wa kufunika macho, na ya juu kabisa nyekundu, ukingo wake mpana kama sinia.

Hakuwa na kasoro ya akili. Mpakani walimwambia mzigo umezidi, boksi moja libaki. Yeye akalifungua boksi, akazitoa kofia zake, akazivaa, akawauliza, "Na kichwa nacho mnakipima?" Wakampisha.

Alikuwa mshona kofia kwa kazi na kwa mapenzi. Duka alilolitumikia tangu usichana kule kwao lilifungwa mwenyewe alipozeeka, na wakati bado anajiuliza aelekee wapi, kanisa lao likapata ombi kutoka kanisa rafiki la nchi nyingine: kuna akina mama wana kiwanda kidogo cha kofia, wanataka mtu wa kuwafundisha mwaka mmoja, kwa kujitolea, chakula na malazi yapo. Akafunga mizigo. Mama yake mzazi alilia siku nzima, kisha akamwambia, "Nenda. Labda huko wanaume wana macho."

Sasa amefika, na wa kumpokea haonekani. Pembeni yake alisimama mwanamume mpana wa mabega, shati limepigwa pasi mbele tu, vumbi la mbao limeng'ang'ania nyusi zake. Mkononi alishika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa herufi kubwa: KARIBU BABA MTAALAMU. Kila mzee mwenye mvi aliposhuka kwenye basi, bwana huyu alinyoosha shingo kama twiga. Wazee wakapita. Hatimaye akageuka.

"Samahani dada. Hiyo ya juu unauzaje?"

"Siuzi."

"Na ya pili?"

"Kaka, nimesema siuzi. Mimi si duka."

"Mbona umejipanga kama rafu?"

Alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Kofia zikayumba, na yule bwana akanyoosha mikono yote miwili kuzidaka, boksi lake likaanguka chini.

"Unamsubiri nani?" dada akauliza, akiyasoma yale maandishi.

"Mzee mmoja kutoka ng'ambo, bingwa wa kofia. Nimeagizwa nimbebee mizigo kwa heshima, maana huenda mgongo wake hauko sawa."

"Mgongo wake mzima kabisa."

"Unamjua?"

"Nimezaliwa naye siku moja."

Bwana akaliangalia boksi, akaziangalia kofia, akarudi kwenye boksi. "Mungu wangu. Baba Mtaalamu ni wewe?"

"Na shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, baba," akasema, akainama hasa, na watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko.

Tangu siku hiyo jina likamganda. Akina mama walimwita Mtaalamu. Yule bwana, seremala wa kanisa, peke yake ndiye aliyeendelea kumwita Baba Mtaalamu.

Kiwanda chenyewe kilikuwa ukumbi nyuma ya kanisa: meza ndefu mbili, vyerehani vinavyopiga kelele kama vinadaiana, jiko la kuchemshia maji, na kamba ya kuanikia iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Mama Mchungaji, mke wa mchungaji, ndiye aliyekisimamia. Mwanamke mfupi, mwepesi, miwani yake daima iko kwenye nywele huku anaitafuta. Akina mama wa pale walikuwa na mikono ya dhahabu. Shida yao ilikuwa moja. Kofia walizitengenezea juu ya masufuria yaliyofudikizwa, na kichwa cha mtu si sufuria. Ukiinunua Jumapili hii ni malkia. Jumapili ijayo imekulalia masikioni kama sikio la mbwa mgonjwa. Wateja walikuwa wanapungua, na kwa wengi wa akina mama wale, kofia ndiyo ilikuwa ada ya shule na kodi ya nyumba.

"Mnahitaji kalibu za mbao," Mtaalamu akasema siku ya kwanza. "Vichwa vya mbao, vya kila ukubwa. Kitambaa unakiloweka kwa wanga, unakipiga mvuke, unakivuta juu ya kichwa cha mbao, kinakaukia pale pale. Hakilegei tena."

"Seremala si tunaye," Mama Mchungaji akajibu. "Yule aliyekupokea."

Seremala akaja na futi yake ya kamba, akaanza kuwapima vichwa mmoja mmoja. Alipomfikia Bibi Sindano, mkongwe wa kiwanda na bingwa wa maneno, bibi akarudi nyuma.

"Wee! Usinipime wewe. Ukimpima mtu hamalizi wiki!"

Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa mgeni. "Kwa nini hamalizi wiki?"

"Mwanangu, hukuambiwa? Vitanda na kabati ni za kupitishia muda tu. Kazi ya huyu ni majeneza."

Seremala naye alicheka, ila macho yake yalishuka kwenye futi. Mtaalamu aliliona hilo. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akavua kitambaa cha kichwa. "Haya, nipime mimi. Wiki ikiisha na mimi nipo, bibi atatulipa."

Akampima, taratibu, vidole vyake vikavu vikipita juu ya masikio. Alinukia mbao mbichi na sabuni.

"Kichwa kikubwa hiki," akasema kwa sauti ya chini.

"Ni akili."

"Au ukaidi."

"Andika vyote viwili."

Wiki ikaisha, yupo. Kalibu ya kwanza ilipofika, ilikuwa laini kama shavu la mtoto, na akina mama wakaipitisha mkono kwa mkono wakiibusu. Walijifunza haraka. Ukumbi ukajaa mvuke na harufu ya wanga, kofia zikaanza kusimama wima kwenye kamba, za kijani, za zambarau, za maua ya kitambaa na mikia ya utepe. Seremala akawa na sababu ya kupita kila siku. Mara kalibu ina kipele, anataka kuipiga msasa. Mara mguu wa meza unacheza. Meza zile zilikuwa hazijawahi kucheza tangu ziwekwe.

Jioni ndiyo simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umeshiba?"

"Kaka, wewe ni daktari?"

"Nauliza tu. Nikisikia umeshiba nalala vizuri."

"Na nikisema sijashiba?"

"Nitakuja na sufuria kichwani, Baba Mtaalamu wangu."

"Umesema wangu?"

"Mtandao huo. Unaongeza maneno."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Bibi Sindano alipowaona wameshika kalibu moja watu wawili, kalibu ambayo mtoto angeiinua, alisafisha koo tu akasema, "Nzito eeh?"

Miezi ikapita. Jumapili moja akaingia kanisani mama mmoja wa miwani myeusi na viatu vya kisigino. Alikuwa meneja wa duka kubwa kuliko yote katika barabara kuu ya mji, alikuja na shoga yake. Hakusikiliza mahubiri. Aliwatazama wanakwaya mwanzo hadi mwisho, kofia zao zimesimama kama bendera. Ibada ilipoisha akamkamata Mama Mchungaji mlangoni: anataka kofia za kujaza dirisha zima la mbele la duka lake. Zikiuzika, atachukua za mwaka mzima. Siku hiyo akina mama walicheza uani hadi vumbi likawavaa.

Kazi ikapamba moto, na katikati ya moto huo ndipo mambo yalipoharibika.

Mchana mmoja, Mtaalamu alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi, simu sikioni, anaongea na mama yake.

"Sauti yako imenenepa," mama alisema. "Kuna mtu."

"Hakuna mtu, mama."

"Na aliyekuwa anacheka nyuma yako juzi?"

"Ah, ni seremala tu wa kanisa. Anatutengenezea vibao."

"Seremala wa nini?"

Alimwona mama yake kama yuko mbele yake, mwanamke ambaye tangu amzike mumewe huzunguka mitaa mitatu asipite penye makaburi. "Wa masanduku."

"Masanduku ya nguo?"

"Eeh, mama. Ya nguo."

Nyuma yake kitu kizito kikawekwa chini. Akageuka. Seremala alikuwa amesimama mlangoni, kalibu mpya iko miguuni pake, kubwa, ya ukingo mpana.

"Ya nguo," akasema polepole. "Si uongo. Huwa zinaingia nguo pia. Suti, mara nyingi."

Akaondoka bila kuaga.

Mtaalamu alimpigia mara ngapi, yeye mwenyewe hakuhesabu. Siku ya tatu simu ikapokelewa.

"Nisikilize tu," alisema.

"Nakusikiliza."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Angemwambia nini?

"Unaona?" Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Kabla yako nilikuwa na mchumba. Ndugu zake wakasema nanuka makaburi, naye akaitikia. Watu wakifiwa wananijua hadi mlango, wakioza mabinti hawanijui. Nimeshazoea. Ila wewe nilidhani unanusa mbao."

Simu ikakatika.

Kalibu ziliendelea kufika, zote kwa wakati, ila zililetwa na Mama Mchungaji. Meza zikawa hazichezi tena. Mtaalamu alishona, akafundisha, akatabasamu penye kutabasamu, na mara mbili alishona utepe upande usio wake. Mara ya pili Bibi Sindano akamnyang'anya sindano.

"Mwanangu, nilimtania yule kijana siku ya kwanza, na nimejuta. Mimi nilitania na yeye. Wewe umemficha. Mficha uchi hazai. Nenda."

"Nitamwambia nini, bibi?"

"Utajua ukifika. Vua hiyo aproni."

Karakana ya seremala ilikuwa kwenye mtaa wa wachomelea vyuma, kati ya duka la rangi na duka la kuchapisha picha. Mbele palikuwa na vitanda na makabati. Nyuma, chini ya bati safi, yalipangwa yale mengine, yamepigwa vanishi hadi yanaakisi mwanga. Mtaalamu hakuwahi kufika hapa. Alikuwa kila mara na sababu, na leo, akiwa amesimama mlangoni, aliziona sababu zake zote zilivyokuwa.

Seremala hakuwa peke yake. Mbele yake alikaa mzee mmoja kwenye kigoda, koti la heshima, mikono juu ya magoti. Alikuwa amefiwa na mkewe.

"Mzee," seremala alikuwa anauliza, amechutama ili macho yao yalingane, "mama alikuwa anapenda kulala upande gani?"

Mzee akashtuka. "Kushoto. Siku zote kushoto. Alisema kulia moyo unamsumbua."

"Basi upande wa kushoto nitaongeza pamba."

Mzee alitikisa kichwa kwa muda mrefu, machozi yanashuka bila sauti, kisha akanyoosha mgongo kama mtu aliyetuliwa mzigo. Walipeana mikono. Akatoka, akampita yule dada mlangoni, akamsalimia hata hivyo.

Seremala aliinua macho akamwona. Uso wake ukafunga.

"Kalibu ya mwisho nimeshaipeleka."

"Sikuja kwa kalibu." Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hakuyafuta. "Nimekuja kukuomba msamaha. Na sitaki unisamehe kabla hujasikia."

Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Mwanangu? Saa hizi? Kuna nini?"

"Shikamoo, mama. Nilikudanganya. Mtu yupo. Yule seremala. Nampenda, mama, na nilimkana, akanisikia kwa masikio yake. Masanduku yake si ya nguo. Ni majeneza. Nimesimama katikati ya majeneza sasa hivi, na yeye yuko mbele yangu."

Nje mchomelea vyuma alipiga nyundo mara moja, kisha akaacha.

"Mpe simu," mama akasema.

Seremala akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nikuulize. Vifuniko vyako hufunga sawasawa?"

"Naam?"

"Siku tuliyomzika baba yake huyu, kifuniko kilikataa kufunga. Wakakipigilia misumari mbele yangu. Kila nyundo ilinipiga hapa kifuani. Mpaka leo nikisikia nyundo nakaa chini. Ndiyo maana nakuuliza. Vyako hufunga?"

"Vyangu hufunga kimya, mama. Havipigwi nyundo mbele ya mtu."

Wakasikia mama anavuta pumzi, na walipodhani analia, akasema, "Basi tungekujua wewe siku ile, ningelala miaka hii yote. Mungu akubariki mikono. Mrudishie binti yangu simu." Kisha sauti ikabadilika. "Na wewe! Ya nguo! Unanidanganya mimi kwa ajili ya kazi ya heshima kama hiyo? Nikifika huko nitakuchapa, na ukubwa wako wote!"

"Ndiyo, mama," alisema, analia na kucheka.

Simu ilipozimwa, seremala akachukua leso yake, akaipangusa vumbi la mbao, akampa.

"Futa machozi, Baba Mtaalamu. Utalowanisha vanishi yangu."

Siku ya kupeleka kofia ikafika, na gari lililoahidiwa na duka halikutokea. Mama Mchungaji alizunguka uani, anatafuta miwani na suluhisho, vyote havionekani. Seremala akakuna kichwa.

"Gari langu lipo. Ila mnajua ni gari la nini."

"Lilete," Bibi Sindano akasema. "Nimeogopa vya kutosha uzeeni."

Gari lile mji mzima ulilijua: jeusi, refu, limeng'arishwa, linakwenda mwendo wa adabu. Lilipoingia barabara kuu, watu wakafanya kama wafanyavyo daima. Wakasimama. Wanaume wakavua kofia, kina mama wakainamisha vichwa, dereva wa lori akazima redio. Ndipo wakaona nyuma yake: rundo la rangi zote za dunia, na akina mama wameketi pembeni, wamevaa walizojishonea, wanaimba kwa sauti ya kupasua paa. Kicheko kikaanza upande mmoja wa barabara kikavukia wa pili. "Leo kafufuka nani?" mtu akapiga kelele. "Sisi!" Bibi Sindano akajibu, akamrushia busu. Walipofika dukani walikuwa wamefuatwa na nusu ya mji.

Meneja aliwafungulia dirisha la mbele, chumba cha kioo kinachotazama njia. Mtaalamu akaingia humo na Bibi Sindano, gauni lake leo la rangi ya machungwa, kiuno kimebanwa kwa utepe mpana, chaki ya kushonea nyuma ya sikio. Akapanga kofia moja moja, za maharusi juu, za ibada katikati, za mitoko mbele. Nje, vichwa vilibanana kwenye kioo. Alipomaliza, simu yake ikaita. Akainua macho. Seremala alikuwa amesimama ng'ambo ya kioo, hatua chache tu kutoka kwake, simu sikioni.

"Unanisikia?"

"Nakusikia. Si uingie ndani?"

"Nikiingia nitaogopa. Mwaka wako unakaribia kuisha."

"Najua."

"Na meneja amesema anataka za mwaka mzima. Kazi ipo."

"Kwa hiyo umenipigia kunitafutia ajira?"

"Hapana. Nimepiga..." Umati ulikuwa unapiga kelele, akaziba sikio la pili. "Naomba uwe mke wangu! Nilikuwa na maneno mengine mazuri, yote yamenitoka tangu asubuhi!"

Alisema kwa nguvu kiasi kwamba barabara nzima ilisikia. Macho yote yakahamia kwenye kioo. Wakaona midomo ya yule dada inatikisika, hawakusikia kitu.

"Nini?" seremala akaita kwenye simu. "Sikusikii! Mtandao umekata! Umesemaje?"

Mtaalamu akarudia. Akaitikisa simu. Wapi. Basi akachomoa chaki nyuma ya sikio, akainama, akaandika kwenye kioo kwa herufi kubwa kama mlango. Umati ukasogea kusoma. Ukasogea zaidi.

"Oyidn," mmoja akasoma kwa shida. "Ndiyo nini hiyo?"

"Ni jina la kofia."

"Ni lugha ya kwao!"

Seremala aliduwaa, anageuza kichwa huku na huku kama anayesoma saa iliyoanguka. Bibi Sindano akashindwa kuvumilia. Akafungua mlango wa duka kwa kiwiko, akasimama juu ya ngazi, kofia ya zambarau imemkaa kama taji.

"Amesema NDIYO, enyi watu msiojua kusoma kinyumenyume!"

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika hadi mtaa wa wachomelea vyuma. Seremala alijaribu kuufikia mlango asiweze. Watu wakambeba, wakampitisha mkono kwa mkono juu ya vichwa, wakamshusha ndani ya dirisha kati ya kofia za maharusi, nywele zimetimka, kiatu kimoja hakipo. Meneja akaja mbio kuangalia nani amechafua kioo chake. Akalisoma lile neno kwa upande wa ndani, akautazama umati uliojaa barabara hadi magari hayapiti, akavua miwani yake myeusi.

"Msifute," akasema. "Lete kofia zaidi."

Simu ya Mtaalamu ikaita tena. Mtandao ulikuwa umerudi.

"Mwanangu," mama akasema, "mbona nasikia kelele hivyo? Kumetokea nini huko?"

"Mama, umesimama au umekaa?"

"Nimesimama, niko jikoni."

"Basi vuta kiti, mama. Vuta kiti ukae."